Barabara Kuu ya Nakuru: Kosa, Faini na Njia ya Malipo

Dereva wa Nakuru anaongozwa na sheria zile zile za trafiki zinazomwongoza dereva wa Mombasa au wa Garissa. Msingi wake ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoanza kutumika Januari 1954, enzi za ukoloni, na kutiwa viraka mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2012 Bunge lilitunga sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, ambayo ndiyo inayotoa leseni, kusajili magari na kusimamia magari ya abiria. Polisi wa trafiki ndio wanaosimamisha gari barabarani. Kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, imepewa barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho, lakini haina sheria yake ya mwendo kasi wala ya ulevi.

Hata hivyo, sheria moja haiumi kila mahali kwa namna moja. Katika Bonde la Ufa la Kati inakutana na barabara ya A8, njia inayobeba mizigo ya Bandari ya Mombasa hadi Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Trela lililopakia saruji, basi la usiku la Kisumu, matatu ya viti 14 inayotoka Naivasha, Probox ya mboga na boda boda wa mtaa wa Free Area vyote vinagombea lami hiyo. Kati ya Lanet na njiapanda ya Njoro barabara imegawanywa pande mbili, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa iliyobaki, kutoka Rironi hadi Mau Summit, imekuwa ya njia moja kwenda na moja kurudi. Kazi ya kuipanua ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2025.

Mahali pagumu kuliko pote ni mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan na Migaa hadi Salgaa. Kwa macho ya mgeni mteremko huo hautishi, maana haushuki ghafla, ila unaendelea kilomita baada ya kilomita, na hapo ndipo ulipo mtego. Dereva wa lori anayetaka kuokoa dizeli huweka gia ya fri, injini ikaacha kulishika gari, na kazi yote ikabaki kwa breki. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikishapata moto hazishiki. Lori la tani kadhaa linafika Salgaa likiwa halina gia wala breki, na mbele yake pana soko, steji na watu wanaovuka.

Majina ya sehemu hizi yamo katika kumbukumbu za msiba wa taifa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Desemba 2016 lori lililobeba kemikali inayoshika moto liligonga magari huko Karai, Naivasha, na watu wapatao 40 wakateketea. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, upande wa Kericho, lori lilivamia wachuuzi na magari yaliyokuwa yamesimama kando ya barabara. Waliokufa walikuwa zaidi ya 50.

Kila msiba uliacha alama yake katika utekelezaji wa sheria. Baada ya Migaa maafisa wa NTSA waliondolewa barabarani kwa agizo la Rais mnamo Januari 2018, na kazi ya kukamata ikabaki kwa polisi. Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, ikajenga ukuta wa zege katikati ya barabara kwenye eneo la Salgaa na Sachangwan ili gari linaloshuka lisiweze kuingia upande wa linalopanda. Ukuta huo unastahili kutajwa mapema katika uchambuzi wowote wa faini, kwa sababu lori lililokwisha kupoteza breki halizuiwi na hofu ya hakimu. Faini inafanya kazi kabla ya hapo, pale dereva anapoamua ashike gia gani, apakie tani ngapi na alale saa ngapi.

Mwendo ndio kanuni inayovunjwa zaidi na inayoeleweka vibaya zaidi. Ndani ya mji, manispaa au kituo cha biashara, kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Magari ya abiria na malori ya kibiashara hayaruhusiwi kuzidi 80 popote. Magari madogo ya kibinafsi yanaruhusiwa 100 kwenye barabara ya kawaida na 110 kwenye barabara iliyogawanywa. Kikomo cha 80 na kifaa cha kudhibiti mwendo kwa matatu kilianza kusimamiwa kwa ukali Februari 2004, wakati wa waziri wa uchukuzi John Michuki, pamoja na mikanda ya usalama kwa kila abiria na mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Watu wa steji hadi leo wanaziita kanuni hizo Sheria za Michuki.

Tatizo ni kwamba barabara kuu hapa inapita katikati ya vituo vya biashara. Dereva anatoka Naivasha akiwa na kasi ya 100, halali kabisa, halafu ghafla yuko Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma, ambako wateja huvuka barabara kurudi kwenye magari yao. Pale kikomo kimeshuka. Anayepita kwa kilomita 68 kwa saa, mwendo anaouona wa pole, amezidisha kwa 18.

Adhabu za makosa haya zimo katika ngazi mbili, na kutozitofautisha ndiko kunakowaponza wengi. Ngazi ya juu ni makosa makubwa, ambayo lazima yafike mbele ya hakimu. Marekebisho ya mwaka 2012, yaliyotokana na mswada wa mbunge wa Gem, Jakoyo Midiwo, ndiyo yaliyopandisha nyingi ya adhabu zake. Kuendesha gari kwa hatari kunaweza kumtia mtu hatiani kwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka miwili. Kuendesha ukiwa mlevi ni hivyo hivyo, na leseni inaweza kuondolewa. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari kunabeba kifungo cha hadi miaka 10. Neno la kuzingatia katika sheria hizi ni "hadi". Kiwango kilichoandikwa ni dari, na hakimu wa Nakuru, Molo au Naivasha huamua ndani yake kulingana na mazingira ya kosa, kama mshtakiwa amekiri, na kama ana makosa ya zamani.

Kwa ulevi pana jambo la kuongeza. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizibatilisha kanuni zilizokuwa zikisimamia kipimo cha pumzi, alkoblo. Baadhi ya madereva walichukulia kwamba ulevi barabarani umehalalishwa. Kosa lenyewe halikuguswa. Limo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki na bado lina adhabu yake. Kilichotikisika ni njia ya kulithibitisha, na ndiyo maana rasimu ya kanuni mpya ilipelekwa kwa maoni ya umma mwaka 2025.

Ngazi ya pili ni makosa madogo. Kanuni zilizochapishwa mwaka 2016 ziliorodhesha zaidi ya makosa 30 na kuliwekea kila moja faini maalumu, isiyopanda wala kushuka. Hapa hakuna "hadi". Kuzidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 ni onyo. Kuanzia 6 hadi 10 ni shilingi 500, kuanzia 11 hadi 15 ni 3,000, na kuanzia 16 hadi 20 ni 10,000. Yule wa Kikopey, kwa hiyo, anadaiwa 10,000. Anayepita kiwango hicho hayumo tena katika orodha, na kesi yake ni ya mahakama. Kutumia simu ya mkononi ukiendesha ni 2,000. Kupanda juu ya njia ya waenda kwa miguu ili kuukwepa msongamano ni 5,000. Matatu isiyo na kidhibiti mwendo ni 10,000, sawa na gari lisilo na cheti halali cha ukaguzi.

Orodha hiyo haimhusu dereva peke yake. Abiria asiyefunga mkanda anadaiwa 500 yeye mwenyewe. Abiria anayepanda au kushuka mahali pasipo steji anadaiwa 1,000, na dereva aliyemshusha naye ana lake. Boda boda asiyevaa kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga, au anayebeba abiria zaidi ya mmoja, anadaiwa 1,000. Kosa hili la mwisho linaonekana kila asubuhi kwenye barabara za kwenda shule, mzazi akiwa amewapakia watoto wawili au watatu nyuma ya mwendeshaji. Bei ya safari mbili inaokolewa, na mtoto wa nyuma kabisa hana pa kushika.

Ubora wa orodha ya 2016 uko katika jambo moja: kiasi kinajulikana kabla ya gari kusimamishwa. Dereva anayejua kwamba kosa lake ni la 3,000 hawezi kuambiwa kwamba bila 20,000 atalala ndani. Kwa bahati mbaya orodha yenyewe haijasambazwa inavyostahili. Ingebandikwa ndani ya kila matatu na kwenye ukuta wa kila ofisi ya sako, kwa Kiswahili, mazungumzo mengi ya kando ya barabara yangekwisha kabla hayajaanza.

Utaratibu baada ya kusimamishwa nao una mpangilio wake. Kwa kosa dogo, kifungu cha 117 cha Sheria ya Trafiki kinamruhusu afisa kumpa mkosaji ilani iliyoandikwa, inayotaja kosa na siku ya kufika mahakamani. Aliyepewa ilani ana hiari: akubali kosa na kulipa faini iliyowekwa, au akatae na kwenda kujitetea. Hiari hiyo si zawadi ya polisi. Kifungu cha 50 cha Katiba kinamchukulia kila mtu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine, na kifungu cha 49 kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita.

Hata hivyo, aghalabu dereva hupelekwa kituoni na kutakiwa kuweka dhamana ya pesa taslimu. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Dhamana si faini. Ni amana ya kuhakikisha kwamba mtu atafika mahakamani, na lazima iandikiwe stakabadhi yenye jina, kiasi, kosa na tarehe ya kufika. Akifika na kesi ikaisha, anaweza kudai arudishiwe, au mahakama iielekeze kwenye faini. Asipofika, dhamana inaweza kutwaliwa na hati ya kukamatwa kwake ikatolewa, na kesi yake inabaki wazi. Dereva anayetoa 5,000 kituoni Jumamosi na kusema "nimemalizana nao" hajamalizana na mtu.

Swali linalofuata ni pesa inaingia mfuko gani, na katika Nakuru jibu lina milango minne. Faini ya trafiki ni ya Mahakama. Ada za leseni, usajili na ukaguzi ni za NTSA na hulipwa kupitia jukwaa la eCitizen. Maegesho ya Barabara ya Kenyatta na mitaa ya jirani ni ya kaunti, yenye mfumo wake wa kulipia kwa simu, na asiyelipa hufungiwa gurudumu kwa chuma hadi alipe ada na adhabu; hilo halimpeleki kwa polisi wa trafiki. Mlango wa nne ni uzani.

Mizani ya Gilgil inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu pale sheria inaonekana kwa macho. Lori linatoka barabarani, linapanda jukwaa polepole na uzito wa kila ekseli unasomwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu pacha, na jumla isiyozidi tani 56 kwa gari la ekseli 7. Mzigo ukiwa umeegemea nyuma, gari linaweza kuwa chini ya jumla na bado likakosea kwenye ekseli moja. Hapo linazuiwa. Mzigo unapangwa upya au unapunguzwa, na adhabu inapanda kadiri uzito ulivyozidi. Usahihi wa mizani hiyo una uhusiano wa moja kwa moja na Salgaa, mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo: breki zinazotosha tani 56 hazitoshi 65.

Malipo ya mtandaoni yameingia katika mambo haya kwa hatua. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na Wakenya walikuwa wameshazoea kulipa karo na umeme kwa simu muda mrefu kabla ya mahakama kufuata. Mfumo wa kielektroniki wa Mahakama ulianza Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 ukatangazwa kwa nchi nzima. Mwaka 2023 serikali ilikusanya malipo ya huduma zake chini ya eCitizen na nambari moja ya malipo, 222222. Kwa dereva maana yake ni hii: kesi ikishasajiliwa inapata nambari; hakimu akishatoa faini, ankara inatolewa kwa nambari hiyo; inalipwa kwa simu au benki, na stakabadhi inabaki kwenye mfumo hata karatasi ikipotea. Karani hashiki noti.

Urahisi huo una kikomo chake. Kulipa ankara kunatimiza adhabu ambayo tayari imetolewa au imekubaliwa. Hakumwondolei mtu wajibu wa kufika siku aliyoitwa, kama hajakiri. Tena, mtu asilipe chochote kwa ujumbe wa simu tu unaomwambia kwamba ana faini na kumtaka abonyeze kiungo. Ankara halali ina nambari ya kesi au ya ilani inayoweza kukaguliwa, na pesa yake haiendi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, awe na sare au asiwe nayo.

Asiyelipa kabisa naye sheria imemwandalia. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinapima kifungo badala ya faini: faini isiyozidi 500 ni hadi siku 14, inayozidi hapo hadi 2,500 ni mwezi mmoja, hadi 15,000 ni miezi mitatu, hadi 50,000 ni miezi sita. Ukipima kwa macho ya mwendeshaji boda boda, miezi mitatu gerezani kwa sababu ya shilingi 3,000 ni adhabu nzito kupita kosa. Mshtakiwa asiye na uwezo anaweza kuomba mahakama impe muda wa kulipa, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inaruhusu kazi ya umma badala ya jela. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kwamba inaombwa.

Majirani wamepita njia nyingine. Tanzania imeiweka faini ya barabarani chini ya mfumo wa polisi wenye namba ya udhibiti. Dereva anatozwa kwa kawaida shilingi 30,000 za Tanzania kwa kosa, anaondoka na karatasi, analipa kwa simu, na akichelewa deni linaongezeka. Uganda ilianzisha mpango wake wa adhabu za papo hapo mwaka 2004, mkosaji akipewa siku 28 za kulipa. Juni 2025 ikaunganisha kamera na faini zinazojitoa zenyewe, na mwezi huo huo ikausitisha mpango huo kwa muda baada ya malalamiko ya madereva. Lililojitokeza Uganda linaifaa Kenya. Mashine inaweza kusoma kasi na nambari ya gari, lakini kama kibao cha kikomo hakionekani, au mwenye gari hana pa kupinga kwa urahisi, watu wataukataa mfumo wote pamoja na faida zake.

Kinachoifanya njia ya simu iwe na maana kubwa Nakuru ni kitu kidogo. Noti iliyokunjwa ndani ya leseni inamwacha barabarani dereva aliyechoka, breki zilizokwisha na abiria waliozidi, na haiachi kumbukumbu kwamba gari hilo liliwahi kusimamishwa. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, kwa kifungo cha hadi miaka 10 au faini ya hadi shilingi milioni 5. Faini ya 3,000 iliyolipwa mahakamani inauma siku moja. Lori lililopitishwa Gilgil kwa hongo linaendelea na safari hadi mahali linapokwama, na NTSA ilihesabu zaidi ya vifo 4,700 katika barabara za Kenya mwaka 2024.

Kwa dereva aliyepewa ilani au dhamana katika ukanda huu, mambo ya kufanya si mengi. Asome kosa lililoandikwa na alilinganishe na orodha ya 2016. Adai stakabadhi kabla hajaondoka kituoni. Afike Molo, Naivasha au Nakuru siku iliyotajwa, alipe kwa nambari ya kesi yake peke yake, na aihifadhi stakabadhi hadi atakapoona kwenye mfumo kwamba kesi imefungwa.